Kadiolipini chini ya mzigo: shajara ya mradi wa hamira

4 Machi. Swali

Mradi huu una swali moja: mafuta yanayounda utando wa ndani wa mitokondria, vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli, yana kazi gani katika utengenezaji wa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli? Vitabu vingi vya masomo huuchora utando huo kwa mistari miwili sambamba, kisha huchomeka protini zenye rangi na majina. Protini hufafanuliwa moja baada ya nyingine. Mistari huachwa ilivyo, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba mafuta yapo ili protini zipate pa kukaa. Mimi nataka kuishughulikia hiyo mistari, nikianza na mafuta ya aina moja yaitwayo kadiolipini.

Tangu Peter Mitchell alipotoa hoja yake mwaka 1961, tunajua kwamba nishati ya chakula haiingii kwenye ATP moja kwa moja. Elektroni zinapopita kwenye mnyororo wa upumuaji, protoni husukumwa kutoka ndani ya mitokondria hadi upande wa pili wa utando. Protoni hizo hurudi kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, na marejeo yao ndiyo yanayokizungusha. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978; Paul Boyer na John Walker wakapata yao mwaka 1997 kwa kufafanua jinsi kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi. Mpango wote huu una sharti moja: utando usivuje. Tofauti ya umeme kati ya pande zake mbili ni takriban milivolti 150 hadi 180. Namba hiyo ni ndogo mpaka ukumbuke kwamba unene wa utando ni kama nanomita 5 tu. Piga hesabu, utapata volti zipatazo milioni 30 kwa kila mita. Mzigo huo wa umeme unabebwa na mafuta, usiku na mchana, huku utando wenyewe ukiwa umesheheni protini kuliko karibu utando mwingine wowote wa seli.

Fosfolipidi (lipidi, yaani mafuta, zenye fosfati) kuu za utando wa ndani ni tatu: fosfatidilkolini, fosfatidilethanolamini na kadiolipini. Mbili za kwanza zimetapakaa seli nzima. Kadiolipini karibu yote imo ndani ya mitokondria, na kwenye utando wa ndani hufikia asilimia 15 hadi 20 ya fosfolipidi. Lipidi inayokaa mahali pamoja namna hiyo ina jambo inalolifanya pale, ndiyo maana nimeanza nayo.

Iligunduliwa na watu ambao hawakuwa wakitafuta habari za nishati. Mwaka 1942 Mary Pangborn aliitenga kutoka kwenye moyo wa ng'ombe kwa ajili ya vipimo vya damu vya kaswende, na maabara za hospitali ziliitumia kwa kazi hiyo muda mrefu kabla ya wanabiolojia kuuliza moyo unaitumia kwa kazi gani. Molekuli yake ni fosfolipidi mbili zilizofungwa pamoja kwa gliseroli: fosfati mbili, mikia minne ya asidi za mafuta. Kichwa ni chembamba, mikia ni minene, kwa hiyo umbo lake linakaribia kabari. Lipidi za umbo la silinda hujipanga kwenye utando bapa bila taabu. Kabari hutulia vizuri zaidi pale utando unapopinda, na utando wa ndani wa mitokondria umejaa mikunjo.

11 Machi. Kwa nini hamira

Nimechagua hamira ya kuoka, Saccharomyces cerevisiae, kwa sababu ina njia mbili za kuishi. Ukiipa glukosi, inachachua na kupata ATP bila kuitegemea mitokondria. Ukiipa gliseroli au ethanoli, haina budi kupumua. Kwa hiyo unaweza kuuvuruga mfumo wa upumuaji bila kukiua kiumbe, halafu ukabadilisha chakula na kuona madhara yamefika wapi.

Kadiolipini hutengenezwa ndani ya mitokondria yenyewe, ila malighafi hutoka nje. Asidi fosfatidiki huvushwa hadi utando wa ndani na protini Ups1 ikishirikiana na Mdm35. Kimeng'enya Tam41 huigeuza kuwa CDP-diasilgliseroli, vingine viwili, Pgs1 na Gep4, hutoa fosfatidilgliseroli, na mwishoni kimeng'enya Crd1 huunganisha fosfatidilgliseroli na CDP-diasilgliseroli nyingine ili kupata kadiolipini. Nitatumia hamira mbili za ukoo mmoja: moja ina jeni zote, nyingine imeondolewa CRD1, jeni ya kimeng'enya Crd1. Katika shajara hii nitaziita hamira kamili na hamira pungufu.

Jambo moja nataka liwe wazi mapema kwa sababu maelezo mengi huliruka. Hamira pungufu haina tundu mahali pa kadiolipini. Fosfatidilgliseroli, ambayo kwa kawaida ni ya kupita tu, sasa hurundikana kwa kuwa hatua ya mwisho imefungwa. Nayo ina chaji hasi, japo moja badala ya mbili, na ina mikia miwili badala ya minne. Inaweza kushika sehemu ya kazi. Pia kuna fosfatidilethanolamini, ambayo kimeng'enya Psd1 huitengeneza kwenye utando huohuo wa ndani. Nayo ni kabari. Hamira inastahimili kukosa CRD1, na inastahimili kukosa PSD1, lakini ikikosa zote mbili inakufa. Kwa hiyo ninachokilinganisha ni seli yenye kadiolipini na seli inayohangaika kuishi kwa mbadala wake. Ninatarajia tofauti ndogo katika hali ya kawaida. Nikiona tofauti kubwa mapema sana nitashuku vipimo vyangu.

20 Machi. Bamba la silika

Kabla ya kupima chochote kinachohusu nishati, ilibidi kuthibitisha kwamba hamira pungufu haina kadiolipini kweli. Lipidi zilitolewa kwa klorofomu na methanoli, sehemu mbili kwa moja, kwa utaratibu wa Folch wa mwaka 1957 ambao bado unatumika sana. Tabaka la chini, lenye klorofomu, lilikaushwa kwa naitrojeni ili oksijeni isizile asidi za mafuta zenye vifungo maradufu. Mabaki yake ni ukungu wa manjano chini ya neli ya kioo. Ukiigeuza neli kwenye mwanga ndipo unauona.

Ukungu huo uliyeyushwa tena kwa matone machache na kuwekwa kwenye mstari wa chini wa bamba la silika, linalotenganisha lipidi kwa aina zake. Bamba likasimamishwa kwenye chombo chenye klorofomu, methanoli na asidi ya asetiki, kifuniko kikafungwa. Kimiminika hupanda polepole, na ukikitazama kwa pembeni unaona mpaka wake, mstari wenye kung'aa unaotenganisha silika iliyolowa na iliyo kavu. Ulipokaribia juu, bamba lilitolewa, likakauka kwenye kabati la kufyonza hewa, kisha likaingizwa kwenye chombo chenye chembe za iodini.

Hapa ndipo kazi inaponipendeza. Kwanza hakuna kitu. Baadaye silika nyeupe inaanza kupata umanjano hapa na pale, na madoa yanakolea mpaka kahawia. Kwenye njia ya hamira kamili, doa la fosfatidilkolini liko chini, pana na zito. Fosfatidilethanolamini iko juu yake. Na karibu kabisa na kilele kuna doa dogo lenye kingo safi. Ndiyo kadiolipini. Kwenye njia ya hamira pungufu pale kileleni ni peupe. Chini kidogo kuna doa ambalo hamira kamili inalo kwa mbali sana, nalo limesimama sambamba na fosfatidilgliseroli ya kiwandani iliyowekwa pembeni kama kielelezo.

Picha zilipigwa papo hapo, maana iodini ikitoka kwenye chombo huanza kufifia. Tena iodini si kipimo cha wingi: hushika zaidi lipidi zenye vifungo maradufu, kwa hiyo doa jeusi zaidi si lazima liwe lenye mafuta mengi zaidi. Kwa wingi, madoa yanakwanguliwa na fosfati yake inapimwa kwa molibdeti. Anayefanya hesabu hiyo akumbuke kuigawa kadiolipini kwa mbili, kwa sababu kila molekuli inaleta fosfati mbili.

2 Aprili. Agari

Hamira zote mbili zilipunguzwa makali hatua kwa hatua, kila hatua mara kumi, na kudondoshwa kwenye sahani za agari. Sahani za glukosi kwa nyuzi joto 30: sioni tofauti ya kusema. Sahani za gliseroli na ethanoli kwa nyuzi joto 30: hamira pungufu inachelewa kidogo, lakini inafika. Sahani hizohizo za gliseroli kwa nyuzi joto 37: hamira kamili imetanda mpaka tone la nne, hamira pungufu imekwama kwenye tone la kwanza, nalo ni jembamba na lina matundumatundu.

Hii ndiyo picha ambayo fasihi ya kisayansi imekuwa ikiionyesha tangu jeni hii ilipoondolewa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo si ugunduzi. Kwangu ni uthibitisho kwamba hamira zangu ni zile ninazodhani ni zenyewe. Lakini imeninyoosha katika jambo moja: kama ningeishia kwenye nyuzi joto 30 na glukosi, ningeandika kwamba kadiolipini haina umuhimu, na kila kipimo kingeniunga mkono. Upungufu wake hauonekani seli ikiwa imetulia. Inabidi seli ibebeshwe mzigo. Kuanzia sasa kila kipimo katika mradi huu kitafanywa mara mbili, kwanza katika utulivu, kisha chini ya mzigo.

17 Aprili. Elektrodi ya oksijeni

Wiki hii nzima imekuwa ya mitokondria zilizotengwa. Ukuta wa hamira huyeyushwa kwa kimeng'enya, seli zilizobaki uchi hupasuliwa taratibu kwenye kinu cha kioo, na sentrifugi hutenganisha vipande kwa uzito. Kila kitu juu ya barafu. Mitokondria za hamira pungufu zinataka mkono mwepesi zaidi. Zikikutana na maji yenye chumvi na sukari kidogo kuliko inavyotakiwa, huvimba na kupasuka mapema kuliko za hamira kamili. Tabia hiyo inajulikana na ina maana yake: utando wenyewe umekuwa dhaifu.

Kwa asiyeijua elektrodi ya oksijeni: ni chumba kidogo cha kioo chenye kifuniko, kimejaa kimiminika, na chini yake kuna elektrodi inayosoma oksijeni iliyobaki. Kwa nyuzi joto 30, maji yaliyokutana na hewa huwa na takriban maikromoli 230 za oksijeni kwa lita, na hiyo ndiyo akiba yote uliyonayo. Unaweka mitokondria, mstari kwenye skrini unakwenda karibu bapa. Unaongeza NADH, molekuli inayoleta elektroni, kwa sirinji nyembamba kupitia tundu la kifuniko. Mitokondria za hamira hii hazina kompleksi I (kompleksi ni makundi ya protini yanayounda mnyororo wa upumuaji), lakini zina kimeng'enya kinachoipokea NADH kutoka nje na kuzikabidhi elektroni kwa ubikwinoni, kibebaji cha elektroni kinachoogelea ndani ya utando. Mstari unaanza kushuka polepole. Ndiyo hali ya utulivu: mnyororo unasukuma protoni kiasi cha kufidia zile zinazovuja tu.

Kisha unaongeza ADP, malighafi ambayo ATP hutengenezwa kwayo. Mstari unainama ghafla, kana kwamba umekatwa na kuunganishwa upya kwa pembe nyingine. Kimeng'enya cha ATP kimepata cha kufanya, protoni zinarudi kwa wingi, mnyororo unakimbia kuzifidia. ADP ikiisha, mstari unarudi kwenye mteremko wake wa awali. Hali hizi Chance na Williams walizipa namba mwaka 1955 na namba hizo zinatumika hadi leo: hali ya 3 ni ile yenye ADP, hali ya 4 ni baada ya kuisha.

Hamira kamili inachora mapindo mawili yaliyo wazi, kushuka na kurudi. Hamira pungufu katika utulivu inafanana nayo sana. Ninapoongeza ADP inashuka, ila si kwa ukali uleule. Kinachonivutia zaidi ni kurudi kwake: pindo la pili limelegea, mstari unasitasita kabla ya kupata mteremko mpya, na mteremko huo ni mkali kuliko ule wa mwanzo. Oksijeni inaendelea kutumika ingawa hakuna ATP inayotengenezwa kwa kiasi hicho. Utando umeanza kuvuja, na umeanza kuvuja baada ya kufanyishwa kazi.

Koshkin na Greenberg waliliandika jambo hili mwaka 2002 wakitumia hamira ya namna hii: mfungamano kati ya matumizi ya oksijeni na utengenezaji wa ATP hulegea kadiri kasi ya kazi inavyopanda, na kadiolipini ndiyo inayozuia kulegea huko. Kuisoma ni kitu kimoja. Kuuona mstari ukikataa kurudi mbele ya macho yako kuna uzito wake.

Hesabu ya kinadharia niliyoiweka ukutani: kimeng'enya cha ATP cha hamira kina duara la protini 10 za aina moja, kila mzunguko kamili hutoa ATP 3, kwa hiyo ni protoni 10 kwa ATP 3, yaani 3.3 hivi kwa kila ATP. Ongeza protoni moja ya kuvusha fosfati na ADP kuingia na ATP kutoka. Elektroni mbili za NADH ya nje husababisha protoni 6 kusukumwa. Gawanya 6 kwa 4.3, unapata takriban ATP 1.4 kwa kila atomu ya oksijeni. Hamira kamili inakaribia hapo. Hamira pungufu ikiwa kwenye mwendo mdogo inaifuata kwa karibu, ikikimbia, inaachwa.

Katika wanyama wenye uti wa mgongo duara hilo lina protini 8 tu, kwa hiyo ATP moja inawagharimu protoni 2.7 kabla ya usafiri. Nimelitaja kwa sababu ni tofauti nzuri, na kwa sababu anayechukua namba za hamira na kuzipeleka kwenye moyo wa mtu bila kuzibadilisha atapotea.

29 Aprili. Kinachovuja ni nini?

Utando ukivuja protoni, jibu la haraka ni kwamba mafuta yenyewe yamekuwa mepesi kupitika. Mwaka 1997 Brookes, Hulbert na Brand walitengeneza vifuko vya lipidi tupu kutoka kwenye mitokondria za wanyama mbalimbali, wanaotofautiana sana kwa uvujaji na kwa asidi za mafuta. Vifuko hivyo vilivuja karibu sawa, na uvujaji wake ulikuwa sehemu ndogo mno ya ule wa mitokondria kamili. Tabaka la mafuta peke yake basi ni kizuizi kizuri. Protoni nyingi hupita kwenye protini au pale protini inapokutana na mafuta.

Hilo linanielekeza kwa protini ya kubadilishana ADP na ATP, iliyo nyingi kuliko karibu nyingine zote kwenye utando wa ndani. Mwaka 1985 Beyer na Klingenberg walionyesha kwa kipimo cha mwangwi wa sumaku wa fosforasi kwamba protini hiyo, ikichukuliwa kutoka kwenye moyo wa ng'ombe, imeshikilia kadiolipini kwa nguvu kiasi kwamba sabuni haziwezi kuiondoa kirahisi. Muundo wake ulipopatikana mwaka 2003, kadiolipini zilionekana waziwazi, fosfati zake zikiwa zimetulia kwenye mapengo kati ya nguzo za protini. Hazikai pale kwa bahati. Protini hii hufunguka upande mmoja kupokea ADP, kisha upande wa pili kuiachia, na kila badiliko linahitaji nguzo zisogee bila kuachana. Fosfatidilgliseroli yenye mikia miwili inaweza kuketi mahali pale, lakini huenda isiweze kushika nguzo mbili kwa pamoja.

Dhana yangu ya sasa, ambayo naipenda lakini siifungi: uvujaji unaoonekana baada ya kazi nyingi unapita kwenye protini zilizokosa kadiolipini zao, hasa hii ya ADP na ATP, zinapozungushwa kwa kasi na kushindwa kufunga vizuri. Kuna sumu iitwayo karboksiatraktilosidi ambayo huifungia protini hiyo mahali pamoja. Nikiiongeza wakati mstari umekataa kurudi, na uvujaji ukapungua, dhana itakuwa imepata mguu wa kusimamia. Usipopungua, nitaangalia kwingine.

13 Mei. Jeli

Tangu mwaka 2000, Schägger na Pfeiffer walipoonyesha kwamba kompleksi za upumuaji za hamira na za ng'ombe zinakaa kwa makundi, swali la nini kinaziunganisha limekuwa likirudi kwenye kadiolipini. Katika hamira, kompleksi III mbili hujiunga na kompleksi IV moja au mbili. Tulizitoa kwa dijitonini, sabuni pole, tukaziendesha kwenye jeli yenye rangi ya buluu, ambayo huzitenganisha kwa ukubwa. Hamira kamili: michirizi ya juu, mizito, ambayo ni makundi. Hamira pungufu: michirizi hiyo imekonda, na kompleksi zilizo peke yake zimeongezeka chini.

Mwenzangu wa maabara alitaka tuandike kwamba bila kadiolipini makundi hayaundwi. Nilimwomba tuendeshe jeli nyingine isiyo na rangi ya buluu. Kwenye jeli hiyo, makundi ya hamira pungufu yalionekana zaidi. Rangi ya buluu ina chaji na hujishikiza kwenye protini, kwa hiyo jeli yenyewe ni mzigo. Tumeandika hivi: bila kadiolipini makundi huundwa, lakini ni legelege na huachana yakisukwasukwa. Ni jambo lilelile lililoonekana kwenye sahani za agari na kwenye elektrodi, safari hii kwa kipimo kisichohusiana kabisa na ukuaji wala oksijeni. Nimefurahi sana.

Faida ya makundi hayo kwa nishati ni mjadala mwingine. Wako wanaosema yanaharakisha elektroni kutoka kompleksi moja hadi nyingine, wako wanaopinga. Jeli haiwezi kuamua hilo, nasi hatutaitumia kuamua.

27 Mei. Mikunjo na ugumu wa mafuta

Nimekuwa nikisoma kazi za mtafiti Itay Budin na wenzake, na zimebadilisha mpango wa miezi ijayo. Mwaka 2018 walionyesha kwamba kasi ya upumuaji wa bakteria E. koli hutegemea ugumu wa utando: asidi za mafuta zenye vifungo maradufu zikipungua, utando unakuwa mzito, ubikwinoni inaogelea polepole, na upumuaji unashuka. Mwaka 2023 wakageukia mikunjo ya mitokondria za hamira. Vifungo maradufu vya hamira hutengenezwa na kimeng'enya kimoja tu, Ole1. Wakikipunguza kidogo kidogo, kuna mahali ambapo mikunjo inatoweka ghafla na utando unakuwa bapa. Ikiwa kadiolipini ipo, mahali hapo panasogezwa mbali.

Kilichonigusa ni hiki: Ole1 inahitaji oksijeni ili kufanya kazi. Maabara nyingi, yetu ikiwemo, hukuza hamira kwenye chupa zinazotikiswa kwa nguvu, zenye hewa tele. Katika hali hiyo mafuta yana vifungo maradufu vya kutosha, na hamira isiyo na kadiolipini hubaki na mikunjo inayoonekana ya kawaida. Kundi lile lilipoikuza kwenye oksijeni kidogo, mikunjo ilipotea. Chupa ya kutikisa ni utulivu mwingine ambao tumekuwa tukiuita hali ya kawaida, ilhali hamira porini mara nyingi huishi kwenye oksijeni haba.

Mikunjo si pambo. Vimeng'enya vya ATP hujipanga wawiliwawili kwenye ukingo wa kila mkunjo, na pembe kati ya wawili hao huupinda utando. Protini inasukuma, lipidi ya umbo la kabari inakubali kupinda, na ugumu wa mikia unaamua ni kwa gharama gani. Ukiuliza nani kati yao anaunda mkunjo, umeuliza vibaya. Ondoa yeyote kati ya hao watatu na mkunjo unadhoofika.

9 Juni. Kwa nini haya ni zaidi ya hamira

Mwaka 1983 daktari Mholanzi Peter Barth na wenzake walieleza ugonjwa wa kurithi unaowapata wavulana: moyo uliotanuka na kudhoofika, misuli isiyo na nguvu, na upungufu wa aina moja ya chembe nyeupe za damu. Jeni yake ilipatikana mwaka 1996 kwenye kromosomu X. Inatengeneza tafazini, kimeng'enya kinachobadilisha mikia ya kadiolipini baada ya kuundwa. Katika moyo wa mtu kadiolipini iliyokamilika huwa na mikia minne ya asidi ya linoleiki. Tafazini ikiharibika, kadiolipini inapungua, mikia inabaki mchanganyiko, na molekuli yenye mikia mitatu inarundikana. Uwiano kati ya hiyo ya mikia mitatu na kadiolipini kamili unaweza kupimwa hata kwenye tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, na ndio unaothibitisha ugonjwa.

Wagonjwa hawa huishiwa nguvu upesi wanapojitahidi. Mtoto anaweza kuonekana ametulia akiwa ameketi, kisha ngazi chache zikamshinda. Kila ninapoutazama mstari wa elektrodi ukilegea baada ya ADP, huyo mtoto yumo akilini mwangu, na nimewaambia wenzangu kwamba ndiyo sababu sitaki tupime chochote katika utulivu pekee. Daktari anayemsikiliza mtoto aliyekaa kitini anaweza kukosa kile ambacho ngazi zingemwonyesha.

Hamira ina jeni inayolingana, TAZ1, nayo ina faida moja kubwa kwetu: kuiondoa hakufuti kadiolipini, kunaipunguza tu na kuiharibu mikia yake. Kwa hiyo hamira ya tatu itatueleza kama kinachohitajika ni kuwapo kwa molekuli au ni ubora wa mikia yake. Hamira haina asidi za mafuta zenye vifungo maradufu vingi, mikia yake ni ya kifungo kimoja, kwa hiyo haitaiga moyo kikamilifu. Itatosha kwa swali hili.

16 Juni. Yanayofuata

Hamira ya tatu, isiyo na TAZ1, imeshafika na imehifadhiwa kwenye baridi kali. Itapitia bamba la silika kwanza. Natarajia doa la kadiolipini lililofifia na doa jipya la mikia mitatu chini yake.

Karboksiatraktilosidi itajaribiwa kwenye elektrodi kwa hamira zote tatu, baada ya ADP na si kabla, kwa sababu ikitangulia itazuia kazi yenyewe tunayotaka kuipima.

Chupa za kutikisa zitaongezewa seti ya pili: chupa zilizojazwa karibu na shingo, zilizofungwa, zinazotikiswa polepole ili oksijeni iwe haba. Kutoka humo tutachukua sampuli kwa ajili ya darubini ya elektroni na nyingine kwa ajili ya asidi za mafuta, siku ileile na kutoka chupa ileile, ili picha ya mikunjo na orodha ya mafuta ziwe za seli zilezile. Nafasi kwenye darubini imepatikana mwanzoni mwa Julai.